UZI: Handaki la mfalme Offa. Ni mpaka, ngome, au majigambo?

#1 Mlezi wa Shropshire (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, anayetaka vya harakaharaka apite kwa amani.

Nipo Shropshire, England, kaunti inayopakana na Welisi. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani kwao. Mmoja wao ni Mwelisi wa miaka themanini na kitu, na kila nikiingia asubuhi huniuliza leo nimetokea upande gani wa "Clawdd". Miezi ya mwanzo nilikuwa nacheka kwa adabu tu, sijui anachosema. Siku moja nikamwambia, mzee wangu, huyu Clawdd ndiye nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na Mchaga Kilimanjaro ni nini.

Clawdd kwa Kiwelisi ni handaki, na pia ni lile tuta la udongo uliotoka kwenye handaki. Neno moja linabeba vyote viwili, kwa sababu huwezi kupata kimoja bila kingine. Clawdd Offa ni handaki na tuta vilivyochimbwa kwenye mpaka wa kale kati ya Wawelisi na Mercia, ufalme wa Waanglo-Saksoni (mababu wa Waingereza) katikati ya England ya leo. Offa alitawala Mercia kuanzia mwaka 757 hadi 796, na kwa wakati wake hakukuwa na mfalme aliyemfikia kusini mwa kisiwa chote cha Britania.

Jumamosi iliyopita nilikuwa off, nikapanda treni ya Shrewsbury kwenda Swansea, nikashuka Knighton. Kituko cha kwanza: stesheni ya Knighton iko England, mji wenyewe uko Welisi. Umeshuka na begi lako, dakika chache umeshabadilisha nchi, wala hakuna wa kukuuliza. Kwa Kiwelisi mji huo unaitwa Tref-y-Clawdd, yaani mji wa kwenye handaki.

Kutoka mjini unafuata mto Teme, unauvuka, unavuka reli, halafu kinakuja kilima cha Panpunton. Wakuu, kile kilima si cha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Nilipofika juu nilikaa chini kwanza nikanywa chai ya chupa. Baada ya hapo unafuata tuta lenyewe kuelekea kaskazini hadi kilima cha Llanfair, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na huko ndiko limebaki zuri kuliko sehemu nyingi.

Niliingia ndani ya handaki. Limeshajaa udongo na majani ya miaka 1200, lakini bado nikisimama chini, kichwa cha tuta kiko juu yangu sana. Upepo uliokuwa unanipiga masikio ukakatika hapohapo. Kondoo wameweka njia yao juu ya mgongo wa tuta, nyembamba kama ya baiskeli. Ubavuni sungura wamechimba mashimo, na kwenye mdomo wa kila shimo umemwagika udongo mwekundu mbichi. Nikaokota nikausaga kwa vidole. Huu udongo kuna mtu aliupandisha hapa kwa mikono, kwa amri ya mtu mwingine.

Handaki liko upande wa magharibi, upande wa Wawelisi. Tuta liko mashariki. Aliyekuwa anatokea Welisi alikutana na shimo kwanza, halafu ukuta. Pale lilipobaki zima, vyote kwa pamoja huchukua upana wa hadi mita 20, na tuta husimama mita mbili na nusu hivi.

Swali langu, ambalo limenikosesha usingizi wiki nzima: lilikuwa la nini? Naendelea hapo chini, acha nimpe mzee dawa zake.

#2 Mgeni Njoo

Naweka kambi hapa. Picha mkuu.

#3 fundi_msingi

Mimi nimechimba misingi na mitaro ya mabomba miaka kumi na saba. Nipe urefu, upana na kina nikupe hesabu. Hayo mambo ya wafalme baadaye.

#4 Bint Mikindani

Swali linajibika hilo. Ukichimba shimo upande wa adui na kuweka tuta upande wako, hiyo ni ngome. Kwa nini tuzunguke?

#5 Mlezi wa Shropshire

Nimerudi. Da Bint Mikindani, nami nilianza kwa kufikiri hivyohivyo. Lakini ngome inahitaji watu wa kuilinda. Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kule kaskazini ulioanza kujengwa mwaka 122, una kambi za askari, vibanda vya walinzi na malango. Kwenye tuta la Offa wanaakiolojia hawajapata kambi. Tuta lenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 bila askari ni nyumba yenye ukuta mrefu isiyo na mlinzi wala mbwa. Mwizi atachagua pa kurukia.

Fundi, urefu wenyewe ndio ugomvi. Maandishi yanayotaja kazi hii na kumtaja Offa kama mwenye kazi ni ya mwaka 893, karibu miaka 100 baada ya Offa kufa. Aliyeandika ni Asser, padri aliyekuwa akimwandikia mfalme Alfred habari za maisha yake. Anasema kulikuwa na mfalme aliyewatia hofu wafalme wote wa jirani, jina lake Offa, akaamuru litengenezwe tuta kubwa kati ya Welisi na Mercia kutoka bahari hadi bahari. Imetoka hiyo. Sentensi moja kwa kazi ya maelfu ya watu! Na huyu Asser mwenyewe alikuwa Mwelisi. Alilelewa St Davids, magharibi kabisa mwa Welisi, kwa hiyo upande alioujua tangu utotoni ni ule ulioelekezewa shimo.

Hapo kwenye "bahari hadi bahari" watu wamegombana sana. Miaka ya 1920 na 1930 Sir Cyril Fox alilipima tuta kwa miguu, kilima kwa kilima. Alihesabu karibu kilomita 130 za tuta lenyewe, na mapengo akayaeleza kuwa palikuwa na misitu mizito au mto uliotosha kuwa mpaka. Baadaye David Hill na Margaret Worthington walichimba na kuchunguza kwa miaka mingi, wakasema hapana: tuta la Offa la uhakika ni kama kilomita 103, kutoka kilima cha Rushock upande wa kusini hadi Treuddyn kaskazini, na linaukabili ufalme mmoja tu wa Wawelisi, Powys. Vipande vya kusini, vile vinavyofuata mto Wye hadi karibu na Chepstow, wao wakavitoa kwenye hesabu.

#6 fundi_msingi

Sawa. Chukua hizo 103, wasije wakasema nimependelea. Handaki la umbo la V, upana juu mita 7, kina mita 2. Hiyo ni mita za mraba 7 ukilikata kama mkate. Zidisha kwa mita 103,000, unapata kama mita za ujazo 720,000.

Sasa mtu mmoja. Udongo laini, sururu nzuri na chepe zuri, kijana mwenye njaa ya hela anatoa mita tatu za ujazo kwa siku. Hao walikuwa na chepe gani?

#7 Mlezi wa Shropshire

Chepe za mbao zilizovishwa chuma mdomoni tu.

#8 fundi_msingi

Basi mbili kwa siku, na hapo nimewahurumia, maana udongo wa handaki unapanda juu, hauteremki. 720,000 gawanya kwa mbili ni siku-mtu 360,000. Ukiwa na watu 5,000 unamaliza kwa siku 72, kama mvua haijanyesha na hakuna aliyetoroka. Kwa England ondoa hilo la mvua. Halafu nani anawapikia watu 5,000? Huko vilimani nani anabeba chakula? Kazi ya kuchimba ni nusu tu, nusu nyingine ni ugali.

Nyongeza moja: hesabu hii ni ya handaki tu. Kukata miti, kupanga mstari, kushindilia tuta, hayo sijayaweka.

#9 Mgeni Njoo

Fundi umeua. Na mishahara nani alilipa?

#10 Mlezi wa Shropshire

Mshahara? Mkuu, hiyo ilikuwa kazi ya lazima.

Kabla ya Offa alitawala Æthelbald, naye mwaka 749 aliitisha mkutano Gumley, akasamehe makanisa na watawa mizigo mingi isipokuwa miwili: kujenga madaraja na kujenga ngome dhidi ya maadui. Yaani hata kanisa halikuponea hapo. Miaka minane baadaye Æthelbald aliuawa usiku na walinzi wake mwenyewe, ikaja vurugu fupi, Offa akachukua kiti. Akakuta mfumo wa kuwatoa watu vijijini na chepe zao umeshakaa tayari. Kila eneo lilihesabiwa kwa ardhi yake, na ardhi yako ndiyo iliyosema utatoa watu wangapi.

Ukitembea juu ya tuta unahisi kabisa kuna magenge tofauti yaliyopewa vipande. Kuna mahali linakwenda limenyooka kama limepigwa kamba, halafu ghafla linapinda kidogo na umbo linabadilika, handaki jembamba, tuta fupi. Nikasema hapa genge jingine limepokea, na msimamizi wao alikuwa mvivu.

#11 Karani Mstaafu

Mleta uzi, umeandika vizuri ila umeruka jambo kubwa. Mwaka 2013 mtu alisawazisha kwa mashine kama mita 45 za tuta karibu na Chirk. Ilikuwa hasara, lakini wanaakiolojia wakapata nafasi ya kuchimba palepale na kuchukua sampuli za kaboni za kupimia umri. Majibu ya 2014 yalitoa miaka kati ya 430 na 652. Offa alikuwa bado hajazaliwa! Sasa tunaliitaje la Offa?

#12 Bint Mikindani

Haya sasa. Mleta uzi jitokeze.

#13 Mlezi wa Shropshire

Nipo, sijakimbia. Karani, heshima yako, hilo nililiweka kiporo makusudi.

Kilichopimwa ni majani na udongo wa juu uliokatwa ukalazwa chini ya tuta. Sampuli ya namna hiyo inakuambia umri wa kile kilichomo ndani ya udongo, na udongo wa juu unaweza kuwa na mabaki ya zamani sana kuliko siku uliyoukata. Ukijenga nyumba leo juu ya kichuguu cha miaka mia, nyumba haiwi ya miaka mia. Lakini sikatai kabisa. Inawezekana vipande fulani vilikuwepo, vimechimbwa na watawala wadogo waliomtangulia, Offa akaja akaviunga na kuvinenepesha mpaka vikawa kitu kimoja chenye jina lake.

Na asisahaulike ndugu yake. Mashariki kidogo kuna tuta jingine, la Wat, kutoka Maesbury hadi Basingwerk kwenye mlango wa mto Dee, kama kilomita 64. Sehemu nyingine yanakwenda sambamba yakiwa yameachana kilomita chache tu. Nalo limesumbua kwa umri: makaa ya moto yaliyopatikana chini yake Oswestry yalitoa karne ya 5, kisha uchimbaji wa Gobowen mwaka 2006 ukatoa mwanzoni mwa karne ya 9, baada ya Offa. Kwa hiyo mpaka huu ulichimbwa zaidi ya mara moja.

#14 Shehe wa Mtaa

Wakuu, kuna jambo mnalificha. Huyu Offa alikuwa Mwislamu. Kuna sarafu yake ya dhahabu imeandikwa LA ILAHA ILLA ALLAH. Iko kwenye makumbusho ya London. Googleni.

#15 Mlezi wa Shropshire

Shehe wangu, sarafu ipo kweli, iko British Museum, na ni moja ya vitu vya ajabu nilivyowahi kuona nyuma ya kioo. Ni mwigo wa dinari ya khalifa Al-Mansur, yule aliyeujenga mji wa Baghdad, na ina mwaka wa Hijra 157, ambao ni 773 au 774 kwa Miladi. Katikati ya Kiarabu pamechomekwa OFFA REX.

Sasa chukua sarafu hiyo uishike ili OFFA REX isomeke sawasawa. Shahada inakuwa imepinduka, miguu juu. Aliyeichonga hakuwa anasoma Kiarabu, alikuwa ananakili michoro. Dinari ndiyo ilikuwa dhahabu inayoaminika Bahari ya Mediterania nzima wakati huo, kwa hiyo anayetaka dhahabu yake ikubalike anaiga inayokubalika. Na ukitaka dini yake, Papa Leo wa Tatu aliandika barua akikumbusha kwamba Offa aliahidi kupeleka Roma vipande 365 vya dhahabu kila mwaka kwa ajili ya Mtakatifu Petro. Moja kwa kila siku. Mwislamu gani huyo?

#16 Shehe wa Mtaa

Hapo kwenye kupinduka nimekuelewa. Lakini mtu kuandika shahada bila kujua anaandika nini, hilo peke yake linatosha kuwa uzi.

#17 Mlezi wa Shropshire

Ulete, nitakuwa wa kwanza kuweka kambi.

Na nikushukuru Shehe, maana sarafu hiyo ndiyo iliyonifungua macho kuhusu handaki. Tazameni huyu mtu. Anagonga dhahabu kwa sura ya khalifa na jina lake katikati. Anagonga senti za fedha zenye kichwa chake, na nyingine zenye kichwa cha mkewe Cynethryth, jambo ambalo kwa malkia wa Waanglo-Saksoni hatulioni kwingine. Hapendi askofu mkuu wa Canterbury, mwaka 787 anapata askofu mkuu wake mwenyewe Lichfield. Charlemagne, mfalme wa Wafranki, anamwandikia barua mwaka 796 akimwita ndugu, wanajadili mambo ya wafanyabiashara, mawe meusi, na urefu wa majoho yanayotoka England. Huyu ni mtu anayetaka kuonekana.

Kwetu kuna majigambo: shujaa anasimama mbele ya watu, anajitaja jina, anataja ukoo, anataja aliowashinda. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba Offa alijigamba kwa udongo. Nilipokuwa juu ya Llanfair nilijiuliza kwa nini tuta limepita pale na si mita mia nyuma, ambako kuchimba kungekuwa rahisi. Ukiinama upande wa magharibi unaona sababu. Limewekwa ukingoni mwa mteremko ili aliyeko bondeni Welisi akiinua macho alione. Likiwa bichi, udongo mwekundu mtupu bila jani, lingeonekana kutoka mbali sana kama mtu kachora mstari kwa kisu. Kila mkulima wa Powys anaamka asubuhi, anatoa ng'ombe, anaona jina la Offa.

#18 Bint Mikindani

Umeongea kwa hisia kaka, lakini unapunguza upande wa vita. Hao Wawelisi hawakuwa wamelala. Mwaka 760 walipigana na Waanglo-Saksoni Hereford, na maandishi ya Wawelisi yanamtaja Offa akiteketeza nchi yao mwaka 778, na tena miaka michache baadaye. Kuna ile nguzo ya jiwe karibu na Llangollen, ya Eliseg, mfalme wa kale wa Powys, iliyosimamishwa na kitukuu wake Cyngen mfalme wa Powys. Iliandikwa kwamba Eliseg aliirudisha Powys kutoka mikononi mwa Waingereza kwa upanga na moto. Kwa hiyo Powys walikuwa wanavamia kweli. Tuta la namna hii haliwezi kuzuia jeshi, sawa. Lakini linazuia wezi wa ng'ombe. Jaribu kuvusha ng'ombe arobaini kwenye shimo la mita mbili usiku huku unafukuzwa.

#19 fundi_msingi

Dada yuko sahihi. Ng'ombe mmoja tu akiingia kwenye mtaro wangu siku nzima imekwisha.

#20 Mlezi wa Shropshire

Da Bint, hapo umenipiga na sijui pa kushika. Wizi wa mifugo sikuuwaza kabisa, na mimi nimekulia kwa wafugaji! Nakubali: mwizi anaweza kuingia mikono mitupu, tabu ni kutoka na mali.

Ile nguzo nayo unaijua vizuri. Maandishi yake yamefutika karibu yote, tunayajua kwa sababu msomi Mwelisi Edward Lhuyd aliyanakili mwaka 1696. Ila angalia na wao wanafanya nini: wanasimamisha jiwe, wanataja ukoo, wanataja waliyemshinda. Wamejibu majigambo kwa majigambo.

#21 Mswahili wa Kiel

Nilikuwa msomaji tu, ngoja nichangie. Huku kaskazini mwa Ujerumani tuna Danevirke, tuta la Wadani, kama kilomita 30 pamoja na matawi yake, liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2018. Hilo limeziba shingo ya nchi kabisa, kutoka kwenye maji ya mashariki hadi kwenye mito ya magharibi. Ni kufunga mlango. Mfalme Godfred ametajwa akiamuru kazi hapo mwaka 808, na hata mwaka 1864 jeshi la Denmark lilikuwa bado limejipanga juu yake likiwangoja Waprusia na Waaustria, kisha likarudi nyuma usiku bila kupigana hapo. La Offa ukiangalia ramani halifungi mlango wowote, linapita kando ya vilima tu. Namuunga mkono mleta uzi, kwa asilimia sabini.

#22 Karani Mstaafu

Na leo mpaka uko wapi? Uko palepale?

#23 Mlezi wa Shropshire

Karibu, lakini siyo palepale. Mpaka wa sasa umetokana na sheria za mfalme Henry wa Nane wa England, kati ya 1535 na 1542. Njia ya miguu ya kitaifa iliyofunguliwa mwaka 1971 ina kilomita 285, kutoka Sedbury karibu na Chepstow hadi Prestatyn, na inavuka mpaka zaidi ya mara 20. Kuna sehemu tuta lote liko England, kuna sehemu lote Welisi. Kaskazini njia inaliacha tuta kabisa na kupanda milima ya Clwyd.

Kijiji cha Llanymynech mpaka unapita katikati. Kulikuwa na hoteli yenye baa mbili upande wa England na moja upande wa Welisi. Tangu 1881 sheria ilifunga baa za Welisi siku ya Jumapili, kwa hiyo Jumapili wateja wa baa ya tatu walibeba glasi zao wakahamia chumba cha pili, wakawa nje ya nchi.

Msicheke sana. Oktoba 2020, wakati wa korona, Welisi walifungia watu ndani wiki mbili na England hawajafunga. Mwenzangu wa kazi alikuwa na mgonjwa ng'ambo, anatembea na barua ya kazini kwenye mkoba asije akasimamishwa.

#24 Mgeni Njoo

Mzee wako Mwelisi anasemaje kuhusu haya majigambo?

#25 Mlezi wa Shropshire

Jana nilimwonyesha picha kwenye simu. Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili, akaniuliza, "Ulipopiga hii ulisimama upande gani?" Nikamwambia nilikuwa chini, ndani ya handaki lenyewe. Akasema handaki ni la Wawelisi, liko upande wao, basi nilikuwa nyumbani. Kisha akadai chai yake imepoa.

#26 fundi_msingi

Mkuu ukirudi tena niangalizie kitu kimoja. Huko chini kwenye handaki maji yanasimama au yanatiririka? Kama yanasimama, genge lile halikupima mteremko.

#27 Mlezi wa Shropshire

Nilipokuwa mimi pale Llanfair palikuwa pakavu. Lakini karibu na Knighton kuna kipande nilitoka na soksi zimelowa. Nikipata Jumamosi nyingine nakwenda na kamba na kipima maji, nakuletea vipimo.